Arifa za Vifaa: Jinsi Programu ya Usimamizi wa Mtandao Inavyogundua Kifaa Kilichobadilishwa

Shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo, nyumba za wageni na ofisi ndogo nyingi siku hizi huingia mkataba na mkandarasi ili awafungie mtandao wa kompyuta na kuutunza. Katika mikataba hiyo husomeka mara nyingi ahadi kwamba mtandao utafuatiliwa saa 24 kwa programu maalumu. Mteja hulipa ada ya ufuatiliaji, lakini ni wachache wanaojua ni kitu gani hasa wanacholipia. Wengi hupata mashaka siku mtandao unapozimika, wao wakawa ndio wa kumpigia simu mkandarasi na kumpa habari, ilhali yeye ndiye aliyepaswa kuwatangulia.

Katika sehemu hii ya kijitabu tunaeleza namna programu ya usimamizi wa mtandao inavyojua kwamba kifaa kimezimika, kimeongezwa, kimeondolewa au kimebadilishwa. Hatukusudii kumfanya msomaji awe fundi. Tunakusudia aweze kutofautisha ufuatiliaji wa kweli na ule ulioandikwa kwenye karatasi tu. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: arifa inayotumwa na kifaa ni hodi tu. Haibebi habari yote, yaweza kupotea njiani, na kifaa kipya aghalabu hakijui hata kuibisha. Kwa hiyo ufuatiliaji unaostahili kulipiwa ni ule unaounganisha arifa na ukaguzi, na mteja anao uwezo wa kuupima mwenyewe kabla ya kutoa fedha yake.

Daftari la mtandao

Kila programu ya usimamizi wa mtandao hutunza daftari. Ndani yake huandikwa kila kifaa kilichomo katika mtandao: ruta, swichi, vifaa vya kurushia mawimbi ya Wi-Fi, seva, printa na kamera. Kwa kila kimoja huwekwa jina, anwani, aina, toleo la programu inayokiendesha, mahali kilipofungwa, tundu kinapounganishwa na kifaa jirani, na namba yake ya kiwandani, yaani ile iliyochapwa na mtengenezaji ili kukitofautisha na vingine vya aina ileile.

Tunaweza kulilinganisha na daftari la wakazi linalotunzwa katika ofisi ya mtaa. Daftari hilo lina faida kwa kadiri linavyofanana na hali halisi ya mtaa. Likiwa na majina ya waliohama na kukosa ya waliohamia, haliwezi kumsaidia mwenyekiti siku ya haja. Vivyo hivyo daftari la mtandao likipitwa na wakati, hasara humwangukia mteja kwa njia tatu.

Kwanza, matengenezo huchelewa, kwa kuwa fundi hutafuta kifaa ambacho hakipo au huja na kipuri kisichooana na kilichopo. Pili, usalama hudhoofika, kwa sababu kifaa kigeni kilichochomekwa na mtu asiyejulikana kinaweza kukaa miezi mingi bila kuonekana. Tatu, mali ya mteja huwa hatarini. Kifaa kizuri alichokinunua kinaweza kuondolewa wakati wa matengenezo na kuwekwa kilichotumika, na bila daftari sahihi hakuna ushahidi wa nini kilikuwapo kabla.

Njia mbili za kupata habari

Mwenyekiti wa mtaa hupata habari za wakazi kwa njia mbili: kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, au kungoja wakazi waje kumpa taarifa. Programu ya usimamizi nayo hutumia njia hizo mbili.

Njia ya kwanza ni ukaguzi wa zamu. Programu huuliza kila kifaa kilichomo katika daftari, mara nyingi kila baada ya dakika 5, iwapo kipo na kinafanya kazi. Zaidi ya hapo, hufanya upekuzi mpana wa mtandao mzima ili kutafuta vifaa isivyovijua. Kwa kuwa upekuzi huo huchukua muda na hutumia nafasi ya mtandao, wasimamizi wengi huuweka ufanyike mara moja kwa siku, usiku. Udhaifu wa njia hii ni ucheleweshaji: kifaa kilichobadilishwa saa tatu asubuhi kinaweza kuendelea kusomeka katika daftari kwa sura yake ya zamani mpaka usiku ufike.

Njia ya pili ni arifa. Kifaa chenyewe, kikiona jambo limetokea, hutuma ujumbe mfupi kwa programu bila kusubiri kuulizwa. Kanuni zinazotumika zaidi kwa kazi hii ni itifaki iitwayo SNMP, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1988. Itifaki hiyo inataja arifa chache ambazo vifaa vya watengenezaji mbalimbali huzielewa kwa namna moja. Ipo arifa ya kusema kwamba kifaa kimewashwa upya na huenda mpangilio wake umebadilika. Ipo ya kusema kimewashwa upya bila mpangilio kubadilika. Zipo mbili za kusema kiungo katika tundu fulani kimekatika au kimerudi. Na ipo ya kusema mtu amejaribu kukiuliza kifaa bila kuwa na utambulisho sahihi. Watengenezaji huongeza arifa zao wenyewe juu ya hizo, kama vile kuharibika kwa feni, joto kuzidi, au kadi kuchomolewa.

Safari ya arifa moja

Tuchukue mfano wa zahanati yenye swichi kuu katika chumba cha mapokezi na swichi nyingine ndogo katika maabara. Ijumaa jioni swichi ya maabara inaharibika. Fundi anafika, anaichomoa, anafunga nyingine ya aina ileile, anaipa anwani ileile ya zamani, kisha anaondoka. Kompyuta za maabara zinafanya kazi. Je, programu ya usimamizi imejuaje?

Mara kebo ilipochomolewa, swichi kuu iliona kwamba kiungo katika mojawapo ya matundu yake kimekatika, ikatuma arifa. Fundi alipochomeka swichi mpya, ikatuma arifa ya pili kwamba kiungo kimerudi. Arifa hizo zilikuwa fupi mno. Zilitaja muda ambao swichi kuu imekuwa ikifanya kazi tangu iwashwe, aina ya tukio, na namba ya tundu lililohusika. Hazikusema kwamba swichi ya maabara imebadilishwa, kwani swichi kuu yenyewe haikulijua hilo.

Hapo ndipo kazi ya programu inapoanza. Programu iliyotengenezwa vizuri haiishii kuandika kwamba kiungo kilikatika na kikarudi. Huichukua arifa kama sababu ya kwenda kuuliza. Husubiri kitambo kifupi ili kifaa kipya kimalize kuwaka, kisha huuliza swichi kuu ni jirani gani aliyepo sasa katika tundu lile. Halafu humwendea jirani huyo na kumuuliza aina yake, toleo la programu yake na namba yake ya kiwandani. Mwisho hulinganisha majibu na yaliyomo katika daftari. Anwani ni ileile, aina ni ileile, lakini namba ya kiwandani ni nyingine. Programu hutambua kwamba kifaa kimebadilishwa, huandika kifaa kipya pamoja na saa ya tukio, na humjulisha msimamizi.

Mpangilio huo wa hatua ndio moyo wa jambo lote: arifa huamsha, maswali huthibitisha, daftari hulinganishwa. Faida yake ni kwamba programu haina haja ya kupekua mtandao mzima. Huuliza pale tu hodi ilipobishwa, na jibu hupatikana kwa dakika chache badala ya kungoja usiku.

Msomaji atazame pia umuhimu wa namba ya kiwandani. Programu inayokitambua kifaa kwa anwani peke yake ingeamini kwamba swichi ya maabara ni ileile ya jana. Ni sawa na kumtambua mkazi kwa namba ya nyumba bila kuuliza jina: mpangaji akiondoka na mwingine akaingia, daftari halitabadilika.

Kifaa kipya hakijui kubisha

Watu wengi hudhani kwamba kifaa kipya kikichomekwa tu, kitajitangaza kwa programu. Sivyo ilivyo. Ili kifaa kitume arifa, sharti kwanza kiwe kimeelekezwa na fundi kwamba arifa zake zipelekwe kwenye anwani gani na kwa utambulisho upi. Kifaa kilichotoka katika boksi hakina maelekezo hayo, na kifaa kilichochomekwa na mtu mwenye nia mbaya hakitakuwa nayo kamwe.

Kwa sababu hiyo habari ya mgeni huletwa na jirani. Swichi ambayo mgeni amechomekwa ndiyo inayotoa taarifa. Upo utaratibu wa kimataifa uitwao LLDP, uliochapishwa mwaka 2005, ambao kwa huo vifaa vilivyopakana hutambulishana vyenyewe; kwa mpangilio wa kawaida kila kimoja hujitambulisha kwa jirani yake kila baada ya sekunde 30. Swichi inayoufuata inaweza kuarifu programu kwamba orodha ya majirani zake imebadilika. Lakini kompyuta, simu na vifaa vingi vidogo haviufuati, hivyo hutambuliwa kwa anwani ya kadi zao za mtandao.

Hapa lipo jambo linalowababaisha wengi. Simu nyingi za kisasa hutumia anwani za kubuni ili kulinda faragha ya mwenye simu. Zile za Android zilianza kufanya hivyo kwa mpangilio wa kawaida tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020. Simu moja inaweza kuonekana katika programu kama kifaa kipya, ilhali ni ya mfanyakazi yuleyule. Kwa hiyo si kila arifa ya kifaa kipya ni dalili ya uvamizi. Dawa yake ni kuwatengea wageni na simu binafsi mtandao wao wa Wi-Fi, ili mtandao wa kazi ubaki na vifaa vinavyojulikana tu.

Tuongeze kwamba zipo swichi za bei nafuu zisizosimamika kabisa. Hupitisha mawasiliano vizuri, lakini haziwezi kuulizwa wala kutuma arifa. Hakuna kosa kuzinunua kwa matumizi madogo. Kosa ni kumlipisha mteja ada ya ufuatiliaji wa vifaa ambavyo kwa maumbile yake havifuatiliki. Mteja aulize kwa maandishi, kifaa kwa kifaa, kipi kinasimamika na kipi hakisimamiki.

Arifa hupotea

Arifa ya kawaida ya SNMP hutumwa mara moja tu, na mtumaji hangoji kujibiwa. Ikiwa mtandao umeelemewa wakati huo, au programu inawashwa upya, arifa hupotea na hakuna ajuaye kwamba ilitumwa. Matoleo yaliyofuata ya itifaki yalileta aina nyingine ya arifa ambayo mpokeaji sharti aithibitishe. Mtumaji asipopata uthibitisho, huirudia. Aina hiyo ni bora kwa matukio makubwa, ingawa hukitaka kifaa kitumie kumbukumbu zaidi.

Yapo pia matukio ambayo arifa haiwezi kabisa kuyasema. Ikiwa njia iliyokatika ndiyo njia pekee ya kufikia programu, hodi itabishwa kwenye mlango usiosikika. Na kifaa kilichokatikiwa umeme ghafla kwa kawaida hakina nguvu ya kusema lolote.

Mkandarasi anayetegemea arifa peke yake, kwa hiyo, ni kama mlinzi anayelala akitumaini mwizi atagonga. Ukimya si ushahidi kwamba mambo ni salama. Ukaguzi wa zamu ndio unaotofautisha ukimya wa amani na ukimya wa kifo: kifaa kikiulizwa mara mbili tatu bila kujibu, programu hukitangaza kuwa hakipatikani, hata kama hakuna arifa iliyofika.

Arifa hufurika

Kinyume cha kupotea ni kufurika. Umeme ukikatika katika eneo zima na kurudi, vifaa vyote huwaka kwa pamoja na kila kimoja hutuma arifa zake: kimewaka upya, tundu la kwanza limerudi, la pili limerudi, na kuendelea. Mtandao wa vifaa 40 unaweza kutoa mamia ya arifa kwa dakika chache. Kebo iliyolegea nayo, inayokatika na kurudi kila sekunde, inaweza kutoa maelfu kwa siku.

Programu ikimtumia msimamizi ujumbe wa simu kwa kila arifa, baada ya wiki moja atazizima. Hapo ufuatiliaji umekufa ijapokuwa programu inaendelea kuwaka. Ndiyo sababu viwango vya kiufundi vyenyewe vinahimiza kiasi: kwa arifa ya mabadiliko ya sehemu za ndani za kifaa, pendekezo ni isitumwe zaidi ya mara moja kwa kila sekunde 5. Programu nzuri nayo hukusanya arifa zinazofanana ziwe tukio moja, hutambua kwamba vifaa 12 havipatikani kwa sababu swichi moja iliyo mbele yao imezimika, na humpa msimamizi habari ya chanzo badala ya habari ya kila tokeo.

Ruta ya nyumbani na modemu ya faiba

Yaliyoelezwa hapo juu hayahusu taasisi peke yake. Mwenye intaneti ya nyumbani pia ana kifaa kinachotoa taarifa. Ruta nyingi zinazotolewa na kampuni za intaneti hufuata utaratibu uitwao TR-069, uliochapishwa mwaka 2004. Kwa utaratibu huo ruta yenyewe hujulisha seva ya mtoa huduma kwamba imewashwa kwa mara ya kwanza au imerudishwa katika hali ya kiwandani, kwamba imewashwa upya, kwamba muda wake wa kutoa taarifa umefika, au kwamba mpangilio fulani umebadilika. Hivyo mtoa huduma hutambua ruta iliyobadilishwa na kuipa mpangilio wake bila kumtuma fundi.

Modemu ya faiba ina jambo jingine la kupendeza. Nyingi zimewekewa hifadhi ndogo ya umeme inayotosha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Umeme unapokatika, modemu hutumia pumzi hiyo ya mwisho kutuma neno moja kwa mtambo wa mtoa huduma: umeme umekatika. Neno hilo linamwezesha mtoa huduma kupambanua kati ya nyumba iliyozimikiwa umeme na waya wa faiba uliokatwa na wachimbaji wa barabara. Mteja anaweza kufaidika nalo. Ukipiga simu kituo cha huduma, uliza mtambo wao ulipokea taarifa gani ya mwisho kutoka kwenye modemu yako na saa ngapi. Swali hilo moja huokoa maelekezo mengi ya kuzima na kuwasha. Na katika malalamiko ya kukosa huduma, kumbukumbu hiyo ni ushahidi kuhusu upande ambao tatizo lilikuwapo.

Mlango wa arifa usiwe mlango wa mwizi

Njia ambayo programu huitumia kuuliza vifaa inaweza kutumiwa pia na mtu asiyehusika. Matoleo ya 1 na ya 2 ya SNMP hulindwa kwa neno moja la siri ambalo husafiri mtandaoni bila kufichwa. Vifaa vingi vilitoka kiwandani vikiwa na neno «public» la kusomea na neno «private» la kubadilishia mipangilio, na mafundi wengi hawakuyaondoa. Mtu anayeyajua maneno hayo, na yanajulikana duniani kote, anaweza kusoma daftari zima la mtandao wako au kuubadilisha. Toleo la 3, lililokubaliwa kuwa kiwango kamili mwaka 2002, lina nywila kwa kila mtumiaji na linaweza kuficha yanayosemwa. Mteja adai toleo hilo popote vifaa vinapoliweza.

Kwa ruta za nyumbani, tukio la Ujerumani la Novemba 2016 linatosha kuwa onyo. Washambuliaji walipekua intaneti wakitafuta ruta zilizoacha mlango wa usimamizi namba 7547, unaotumiwa na TR-069, ukiwa wazi kwa dunia nzima. Ruta za wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom ziliathirika, na wengi walikosa intaneti na simu. Funzo lake ni kwamba kifaa kutoa taarifa kwa seva ya mtoa huduma ni jambo jema, lakini kuacha mlango ambao kila mpita njia anaweza kuugonga ni jambo jingine. Mwulize mtoa huduma wako iwapo mlango wa usimamizi wa ruta yako unafikika kutoka kwenye seva zake tu.

Faragha ya watumiaji

Arifa za vifaa hazina maudhui ya mazungumzo wala barua za mtu. Hata hivyo orodha ya simu na kompyuta zilizounganishwa, pamoja na saa za kuingia na kutoka, inaweza kueleza nani alikuwa wapi na lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu. Taasisi inayofuatilia mtandao wake iwajulishe wafanyakazi na wageni kwamba vifaa vyao vinaandikwa, ieleze kwa nini, na isihifadhi kumbukumbu hizo kwa muda unaozidi haja.

Jaribio la kufanya kabla ya kupokea kazi

Tunamshauri mteja asisaini hati ya kupokea kazi kabla ya kufanya jaribio lifuatalo pamoja na mkandarasi, katika saa ambazo huduma haitaathirika.

1. Omba daftari la vifaa lililochapwa. Pita chumba kwa chumba na ulinganishe namba za kiwandani zilizo kwenye daftari na zilizobandikwa kwenye vifaa.

2. Chomoa kebo ya kifaa kimoja, uandike saa. Andika pia saa ambayo programu imeonyesha tukio na saa ambayo ujumbe umemfikia mhusika.

3. Zima umeme wa kifaa kimoja kwa ghafla. Programu inapaswa kukitangaza kuwa hakipatikani ingawa chenyewe hakikusema neno.

4. Chomeka kifaa ambacho hakimo katika daftari, kwa mfano kompyuta ya nyumbani. Angalia kama programu inakitaja na kama inataja tundu kilipochomekwa.

5. Badilisha kifaa kimoja kwa kingine cha aina ileile chenye anwani ileile. Programu ikiendelea kuonyesha namba ya kiwandani ya zamani hata baada ya upekuzi wa usiku, daftari hilo si la kutegemewa.

Jaribio hili halihitaji utaalamu, ila kalamu, saa na mkandarasi asiye na la kuficha. Lirudiwe angalau mara moja kwa mwaka na kila baada ya matengenezo makubwa, kwa kuwa programu iliyofanya kazi mwaka jana inaweza kuwa imenyamaza baada ya kubadilishwa kwa nywila au kuhamishwa kwa seva.

Mambo ya kuandikwa katika mkataba

Neno ufuatiliaji likiachwa peke yake katika mkataba halina maana inayoweza kupimwa. Hakikisha mkataba unataja vifaa vinavyofuatiliwa kwa namba zao za kiwandani. Muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Matukio ambayo arifa zake ni lazima. Nani anapokea arifa usiku na siku za sikukuu. Na muda ambao mkandarasi anapaswa kuchukua hatua. Uandikwe pia wajibu wa kumkabidhi mteja daftari lililosahihishwa kila robo mwaka, pamoja na orodha ya vifaa vilivyobadilishwa na mahali vilipopelekwa vya zamani. Mwisho, mkataba useme wazi kwamba daftari na nywila za vifaa ni mali ya mteja, na kwamba atakabidhiwa vyote siku mkataba utakapokoma. Mteja asiyekuwa na nywila za vifaa vyake hana uhuru wa kumwacha mkandarasi mbaya.

Ukiwa na malalamiko

Ukiona kwamba huduma ya ufuatiliaji unayoilipia haifanyi kazi, wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, ukiambatanisha matokeo ya jaribio na saa ulizoandika. Hifadhi nakala na namba ya malalamiko utakayopewa. Usiporidhika na majibu, au ukikosa majibu, lete shauri lako kwetu pamoja na nakala hizo, mkataba na stakabadhi za malipo. Malalamiko yenye tarehe, saa na namba za vifaa husikilizwa kwa wepesi kuliko yale yasemayo tu kwamba mtandao ni mbovu. Kwa hiyo anza leo kwa hatua ndogo: mwombe mkandarasi wako daftari la vifaa, na ulisome ukiwa umesimama mbele ya vifaa vyenyewe.